ECG safi, eko inasema vali imelegea. Nishike lipi?

Upepo_wa_Kusi (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba msaada wa kuelewa vipimo vyangu, maana tangu nipewe karatasi hii usingizi umeniruka.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, sina presha wala kisukari. Kwa miezi kadhaa sasa moyo unanishtua. Nimekaa zangu tu, mara unakosa pigo moja, kisha linakuja pigo zito mpaka nalisikia kooni. Nikilalia ubavu wa kushoto ndio balaa. Daktari alinisikiliza kifuani akasema kuna mlio mdogo asioutarajia. ECG ikatoka vizuri kabisa, nikashukuru Mungu. Yeye hakuridhika, akaniandikia eko.

Ripoti ya eko inasema hivi: jani la mbele la vali ya mitrali limepanda milimita 3, uvujaji ni mdogo, vyumba vya moyo vina ukubwa wa kawaida, EF 62%. Mwisho kabisa: prolapsi ya vali ya mitrali. Miadi ya daktari bingwa bado. Mpimaji hakuniambia kitu, ila niliiona skrini: kila moyo ukipiga, rangi ya bluu inaruka kurudi nyuma. Ile bluu ndiyo damu chafu? Na kwa nini ECG haikuona haya yote? Nishike lipi?

Chuma_cha_Pua

Pole sana dada. Vali si jambo la kuchezea. Binamu yangu alianza hivi hivi, leo anachomwa penisilini kila mwezi na ameambiwa vali itabadilishwa. Ushauri wangu acha kazi nzito zote. Halafu tafuta propranolol, inatuliza moyo upesi. Mimi nikiona mapigo yamezidi huwa namwomba binamu vidonge vyake viwili vitatu.

Mpimaji_wa_Zamu

Chuma, taratibu kaka, umechanganya magonjwa mawili. Kwa hizo sindano za kila mwezi, ninachokiona kwa binamu yako ni ugonjwa wa moyo unaoletwa na homa ya rumatiki. Ule huanza na maambukizi ya koo, kinga ya mwili ikachanganyikiwa na kushambulia vali zake yenyewe, na kovu linalobaki huifanya vali iwe nene na ngumu. Sindano ni za kuzuia homa isirudi. Ya dada ni kinyume chake: tishu ya vali ni laini na ndefu kupita kiasi, na hakuna kijidudu cha kuzuiwa.

Sasa dada, mimi kazi yangu ni kupima eko, nikueleze tunachokitazama. Vali ya mitrali iko upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini. Ina majani mawili yanayoshikiliwa na nyuzi nyembamba kutoka chini. Chumba cha chini kinapojibana ili kusukuma damu mwilini, majani hukutana na kufunga njia ya kurudi juu. Yako yanafunga, ila jani moja linatuna kuelekea juu kama tanga lililoshika upepo, na huko kutuna ndiko kunakoitwa prolapsi. Nyuzi zinapokazwa ghafla ndipo ule mlio unatokea, na daktari mwenye sikio zuri huunasa. Hapo zamani wengi waliamini mlio huo unatoka nje ya moyo. Ni Dkt. John Barlow wa Johannesburg aliyeonyesha, mwaka 1963, kwamba unatoka kwenye vali hii.

ECG na eko hazipingani, kwa hiyo hakuna la kuchagua. ECG inaandika umeme wa moyo kwa sekunde chache tu. Vali haionekani humo hata ingekuwa imechanika. Eko ni mawimbi ya sauti, inaonyesha nyama, vali na mwendo wa damu. Mtu anaweza kuwa na prolapsi na ECG yake isiwe na doa.

Rangi ni mashine inazipaka. Damu inayoelekea kwenye kile kifaa tunachokubana nacho mbavuni inapewa nyekundu, inayokikimbia inapewa bluu. Usafi wa damu haumo humo. Hiyo bluu uliyoiona ndiyo uvujaji wenyewe, na kwa maelezo ya ripoti ni mdogo. Nikikupa siri ya kazi: tukimpima mtu mzima kabisa wa afya, mara nyingi tunakuta kiuvujaji fulani kwenye vali moja au nyingine. Tunaandika kwa sababu tumekiona.

Bi_Mkubwa

Mwanangu, mimi niliambiwa nina ugonjwa huu nikiwa msichana, miaka ya themanini mwanzoni. Nikakatazwa michezo, nikaishi na hofu hiyo mpaka nimezaa watoto na kuwalea. Nilipopimwa tena ukubwani daktari akasema hakuna prolapsi, na pengine haikuwahi kuwepo. Sikujua nicheke au nikasirike. Wenye utaalamu watueleze, inawezekanaje?

Mpimaji_wa_Zamu

Shikamoo Bi Mkubwa. Inawezekana sana, na hamkuwa wachache. Ule mduara ambao vali imeshikizwa kwake haujalala bapa, umepinda, pande mbili ziko juu na pande mbili ziko chini. Kabla hilo halijaeleweka vizuri, mwishoni mwa miaka ya 1980, jani la kawaida kabisa likitazamwa kwa mkato fulani, yaani pembe fulani ya picha ya eko, lilionekana limepanda. Watu wazima wa afya wakapewa jina la ugonjwa. Siku hizi kipimo ni kupanda kwa milimita 2 au zaidi kwenye mkato mrefu wa moyo, sio mkato wowote tu. Utafiti wa Framingham kule Marekani ulipotumia kigezo hiki, matokeo yakachapishwa mwaka 1999, waliokutwa nayo walikuwa asilimia 2.4 tu.

Kwa hiyo dada, swali la kwanza kwa daktari bingwa: hizo milimita 3 zimepimwa kwenye mkato upi?

Upepo_wa_Kusi

Asanteni, nimeanza kupumua. Lakini mbona EF ni 62%? Si maana yake moyo umebakiwa na nguvu nusu na kidogo? Shuleni 62 haikuwa alama ya kujivunia.

Dokta_Msaidizi

Hahaha, hapa umefaulu vizuri. EF ni sehemu ya damu iliyomo kwenye chumba cha chini cha kushoto inayotoka kwa kila pigo. Hakuna moyo unaojikamua mpaka tone la mwisho. Moyo mzima hutoa takriban 55 hadi 70 kwa mia. Ukiona 62 pamoja na vyumba vyenye ukubwa wa kawaida, hiyo ndiyo mistari ya kuifurahia kwenye ripoti yako.

Kuna mtego mmoja, nausema kwa faida ya wengine wanaosoma. Vali ikivuja sana, EF inaweza kubaki nzuri kwa udanganyifu, kwa sababu moyo unatoa damu nyingi lakini sehemu yake inarudi nyuma. Ndiyo maana mwenye uvujaji mkubwa hasubiri EF ishuke sana. Ikifika 60 au chini, au chumba kikianza kutanuka, mazungumzo ya kurekebisha vali yanaanza hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Kwa hiyo neno prolapsi peke yake halinishtui. Natazama inavuja kiasi gani na moyo umeitikiaje. Kwa uvujaji mdogo kama wako kwa kawaida ni kurudia eko baada ya miaka 3 hadi 5, mapema zaidi dalili zikibadilika.

Sasa mapigo. Unachokieleza kinafanana na mapigo ya ziada. Pigo moja linawahi kabla ya wakati wake, hulisikii, moyo unapumzika kidogo, damu inajaa zaidi, na pigo linalofuata linakuwa zito. Hilo ndilo linalokufika kooni. Ubavu wa kushoto unausogeza moyo karibu na kifua, ndiyo maana unalisikia zaidi ukilala hivyo. Watu wengi wasio na tatizo lolote la vali wanayapata. Lakini kwa mwenye prolapsi tunataka kujua ni mangapi na ya aina gani, na ECG ya sekunde chache haiwezi kutuambia. Omba holta, kile kimashine unachovaa saa 24 au 48 ukiendelea na shughuli zako. Kila moyo ukikushtua andika saa, tulinganishe na kilichorekodiwa. Wengine huongezewa kipimo cha kutembea kwenye mashine ya mazoezi. Kahawa nyingi na kukosa usingizi huwachochea baadhi ya watu, jaribu kupunguza uone.

Chuma, hiyo propranolol ya kuazimana acha. Haigusi vali. Inapunguza kasi ya mapigo kwa anayesumbuliwa nayo, na daktari huiandika akishajua mtu hana pumu na moyo wake hauendi polepole mno. Na binamu yako anazihitaji.

Dada, nijibu haya: umewahi kuzimia, hasa ukiwa unakimbia au kupanda ngazi? Unakosa pumzi ukilala chali? Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana?

Chuma_cha_Pua

Nimepokea, Dokta. Ila swali: binamu huwa anapewa antibiotiki kabla ya kung'oa jino. Huyu dada naye?

Dokta_Msaidizi

Binamu aendelee kufuata alichoambiwa na daktari wake. Kwa prolapsi, zamani ndivyo ilivyokuwa. Chama cha Moyo cha Marekani kilibadilisha mwongozo mwaka 2007, na tangu hapo prolapsi pekee haihesabiki tena. Dawa hizo zimebaki kwa walio hatarini zaidi, mfano mwenye vali ya bandia au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo. Ila apige mswaki vizuri na asikimbie daktari wa meno.

Upepo_wa_Kusi

Dokta, sijawahi kuzimia. Pumzi iko sawa, jana nimebeba ndoo mbili za maji bila shida. Hilo la tatu limenifanya nimpigie mama. Anasema mdogo wake wa kike alianguka akiwa na miaka 29, hakuamka. Kila mtu alisema amelogwa, hakupimwa chochote. Mimi nilikuwa mtoto.

Dokta_Msaidizi

Poleni sana. Hili sitaki lisubiri miadi. Haimaanishi nawe una alichokuwa nacho, hatujui hata kama kilikuwa cha moyo. Lakini kifo cha ghafla cha kijana kwenye ukoo, ukijumlisha prolapsi na mapigo yanayoruka, kinabadilisha haraka ya mambo.

Kesho asubuhi piga simu kliniki, na sentensi ya kwanza iwe hiyo ya mama yako mdogo, kabla hata ya kutaja eko. Omba miadi isogezwe na holta ifanyike mapema. Mazoezi makali yaweke kando mpaka uonwe. Shughuli za kawaida endelea nazo. Ukizimia, au ukihisi kuzimia moyo ukienda mbio, au pumzi ikabana ghafla, usiandike hapa, nenda idara ya dharura wakati huo huo.

Na muulize mama: kuna wengine upande huo warefu wembamba, wenye vidole virefu na viungo vinavyopinda kupita kawaida, au wenye matatizo ya macho tangu utotoni? Prolapsi wakati mwingine hufuatana na magonjwa ya tishu ya kurithi kama Marfan. Yaandike majibu yake uende nayo.

Upepo_wa_Kusi

Nimepata nafasi ya Alhamisi. Aliyepokea simu aliposikia habari ya mama mdogo akaniambia nisikate, akaenda kuuliza, akarudi na tarehe. Kuhusu urefu, mama anasema mama mdogo alikuwa mfupi kuliko wote nyumbani, na hakuna mwenye matatizo ya macho. Nimeyaandika hivyo hivyo.

Mpimaji_wa_Zamu

Vizuri. Alhamisi beba ripoti yenyewe, na kama walikupa diski ya picha za eko ibebe pia. Bingwa atataka kuziona kwa macho yake.