Tupeane uzoefu: mlionyanyua pikapu nyuma mlitumia nini, na kilichowapata

Kaliua Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux ya kazi, kebini moja, springi za nyuma ni zile zile ilizokuja nazo. Msimu wa tumbaku marobota yakijaa, nyuma inakaa chini mpaka bampa linalima tuta la katikati. Leo nimepishana na pikapu moja hapa mjini imebinuliwa nyuma kama jogoo anayetaka kuwika, mwenyewe ananiambia kaweka bloku tu na maisha yanaendelea. Kuna mwingine kaniambia shakeli ndefu, yale mabati yanayoshikilia ncha ya springi kwenye chasi, mwingine niongeze pleti, yaani jani jingine la springi. Mliopitia haya tupeane uzoefu. Na msiniambie ninunue Land Cruiser.

Mnyamwezi Mtulivu
Nunua Land Cruiser.

Fundi Kipara
Mkuu, kabla hujanyanyua chochote jiulize swali moja: gari linakaa chini likiwa tupu au likiwa na mzigo? Kama hata tupu limelala, springi zimechoka, hapo hunyanyui, unarudisha. Kama tupu liko sawa ila likipakiwa linazama, tatizo ni nguvu ya springi, na bloku haiongezi nguvu hata kidogo. Bloku ni kipande kinachokaa kati ya springi na ekseli, gari linakuwa juu lakini ukipakia linazama kiasi kile kile. Shakeli ndefu nayo hivyo hivyo, tena ukirefusha inchi 2 unapata kama inchi 1 tu ya kimo, na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, linabinuka kidogo, propela inayolizungusha inaanza kutetemeka.

Kwa mtu wa marobota mimi huongeza pleti. Pleti ya upana wa Hilux, milimita 60, iliyopindwa vizuri, siyo iliyookotwa kwenye Canter ikasagwa pembeni iingie kwa nguvu.

DagaaMkavu
Hapo kwenye Canter umenigusa. Yangu ilisagwa. Inalia kama mlango wa msikiti wa zamani lakini haijazama tangu wapige ile kitu. Mnapenda kukuza mambo nyie mafundi.

Fundi Kipara
Tupu unaiendeshaje?

DagaaMkavu
Tupu siendeshi. Natembea.

Mama Mawese
Mimi nitasema la upande wetu Kigoma, maana nyie wa Tabora mnaongelea mchanga. Natoa mawese vijijini kuyaleta Mwandiga. Dumu la lita 20 la mawese ni kama kilo 18, ukipanga madumu 50 umeshafika kilo 900 hujahesabu utingo wala mahindi ya dereva. Kijana mmoja wa gereji alininyanyulia nyuma vizuri kabisa, bodi ikakaa juu, nikafurahi. Wiki hiyo hiyo dereva wangu anashuka mlima wa Manyovu ananipigia simu: "Mama, breki za nyuma zimelala, gari linasimama kwa mbele tu, pua inachimba chini."

Tukabadilisha viatu vya breki, tukatoa hewa, wapi. Aliyekuja kuligundua ni mzee mmoja fundi wa zamani, akalala chini na tochi. Kumbe zile Hilux zina valvu ya breki karibu na ekseli ya nyuma, ina mkono umefungwa kwenye ekseli. Mzigo ukishusha bodi, mkono unasogea, valvu inafungulia mafuta mengi ya breki nyuma. Ukinyanyua bodi bila kuurekebisha ule mkono, valvu inadhani gari tupu, inabana mafuta. Madumu yote yale, gari linajiona tupu! Mzee akatengeneza kibati cha kupandisha pale mkono unapofungwa, breki zikarudi. Kwa hiyo Kaliua Kwetu, yeyote atakayekunyanyulia, muulize hilo kwanza. Akikutolea macho, ondoka.

Kaliua Kwetu
Asante sana mama yangu. Hili hakuna aliyenitajia.

Mwana Ujiji
Wengi wanaing'oa ile valvu kabisa.

Fundi Kipara
Na siku ukifunga breki tupu kwenye lami imelowa, tairi za nyuma zinajifunga kabla ya za mbele, unageuka unatazama ulikotoka. Msiing'oe jamani.

Mwana Ujiji
Mimi ninayo hivyo na niko hai.

Mama Mawese
Hongera baba.

Asali Mbichi
Mliposema bloku nimekumbuka mbali. Nilikuwa utingo wa bosi mmoja ananunua asali Sikonge, ukiacha lami pale Ipole unaingia porini kwenyewe. Bosi alitaka gari lipande, bloku za chuma akaziona ghali. Fundi wake akamwambia mbona mninga upo. Akachonga vipande viwili vya mninga, vimepigwa randa hadi vinang'aa, akatoboa katikati, akafunga na yubolti ndefu, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Mtaani watu walikuwa wanainama kuangalia.

Safari ya kwanza na mzigo tunarudi usiku, ndoo zimejaa. Ndoo ya lita 20 ya asali ni kilo 28, siyo maji yale. Tumevuka korongo moja, tukasikia kwaa! Gari likaanza kwenda mshazari, kichwa kinaelekea Tabora, makalio yanaelekea Katavi. Tukashuka na tochi. Mninga wa kulia umepasuka kufuata nyuzi za mti, yubolti zimelegea zinacheza, senta bolti inayoshika pleti za springi katikati imekatika, ekseli upande mmoja imerudi nyuma mpaka tairi inasugua bodi. Moshi wa mpira. Propela nayo imevutwa inakaribia kuchomoka.

Tukalala pale. Ndoo kadhaa vifuniko vimefyatuka, asali inatiririka kwenye bodi, inapita kwenye chasi, inadondokea chini kwenye difu lenye moto. Harufu yake tamu kweli, tukachovya tukalamba.

Kulipokucha walikuja wenyewe. Nyuki. Mwanzo mmoja mmoja, tukawa tunapunga mikono. Jua lilipotoka vizuri ikawa wingu. Bosi yuko kebini amepandisha vioo, joto linampika. Dereva alikuwa chini ya gari anajaribu kurudisha ekseli na jeki, akatoka na jeki mkononi anakimbia nayo, hakuiachia. Mimi sikumbuki nilikimbilia wapi, nakumbuka mbung'o nao walinipokea huko. Waliotuokoa ni warina asali wawili na baiskeli, wakawasha moshi, wakasogea taratibu mpaka kwenye gari. Swali lao la kwanza: "Hii asali bado inauzwa?"

Mnyamwezi Mtulivu
Dereva na jeki 😂😂 nimecheka mpaka mtoto ameamka.

DagaaMkavu
Bosi alikaa kebini muda gani?

Asali Mbichi
Alitoka amelowa chapa. Hakuongea hadi Sikonge.

Ngoma Nzito
Ila mninga msiusingizie. Mninga ni mti wa maana, vitanda vya babu zetu vipo hadi leo. Tatizo yubolti hazikukazwa tena.

Fundi Kipara
Kitanda hakiviringiki kwenye korongo na kilo mia saba, mkuu. Mbao inabonyea, ikibonyea yubolti inalegea, ikilegea senta bolti ndiyo inabeba kila kitu peke yake, nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Bloku iwe ya chuma, moja kila upande, usizipandishe juu ya nyingine.

Ngoma Nzito
Wewe unauza bloku za chuma ndiyo maana.

Fundi Kipara
Nimesema toka juu sishauri bloku kabisa! Soma.

Mama Mawese
Muacheni fundi wa watu.

Mwana Ujiji
Wengine mnanyanyua gari ili lipite matopeni, mnasahau kitu kimoja. Ukinyanyua springi, bodi inapanda, lakini difu linabaki pale pale lilipo, maana limeshikana na tairi. Mimi tuta lilikuwa linagonga difu, nikapoteza hela kwenye springi, bado likagonga. Tairi kubwa ndiyo dawa. Ila nayo usipitilize, inakula difu.

Fundi Kipara
Sawa kabisa. Na ukibinua nyuma peke yake, taa za mbele zinaangalia miguu yako mwenyewe, na usukani unakuwa mwepesi, gari linatangatanga kwenye mwendo. Kaliua Kwetu, wewe bampa ndilo linagonga, kwa hiyo pleti itakusaidia. Moja kila upande, shokapu uzipime likiwa limening'inia, zisiwe zimenyooka mwisho wake, na mpira wa breki usivutike. Ukishafunga, pakia, tembea, urudi ukaze yubolti tena. Watu hawarudi.

DagaaMkavu
Kuna zile za Old Man Emu za Australia, wanakuuliza kwanza unabeba kilo ngapi muda wote ndiyo wanakupa springi. Nzuri, ila ukiulizia bei unakaa chini.

Mnyamwezi Mtulivu
Au apunguze marobota mawili. Bure.

Kaliua Kwetu
Mkuu, marobota ni ya shemeji, siwezi kuyaacha njiani.

Ngoma Nzito
Asali Mbichi, ile asali iliuzwa lakini?

Asali Mbichi
Iliyobaki ilichujwa, ikapanda treni kwenda Kigoma.

Mwana Ujiji
Ndiyo maana kuna mwaka niliinunua nikasema hii ina ladha ya oili ya difu!

Kaliua Kwetu
Fundi Kipara, upo Tabora mjini au wapi? Nicheki inbox na bei ya pleti mbili, na kile kibati cha valvu alichosema mama.