Re: ALT 92, bima wamerudisha fomu

Ndugu zangu, salaam. ALT yangu 92, AST 61 (zile enzaimu za ini kwenye damu), zote juu, mara ya pili ndani ya miezi mitatu. Pombe sinywi, HBsAg na anti-HCV (vipimo vya homa ya ini B na C) hasi, albumini (protini inayotengenezwa na ini) na bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) sawa, ultrasaundi safi. Daktari kaandika rufaa ya bingwa wa ini, bima wameirudisha: "sababu haijatajwa". Sababu si ndiyo naitafuta? Kile kisanduku cha sababu kwenye fomu ya rufaa anajaza daktari au mimi?
– Mgeni

Pole mdogo wangu. Yangu ilifika 140, nikajua naaga dunia. Kumbe ni isoniazidi ya kifua kikuu. Walipoisimamisha ikashuka yenyewe. Unameza dawa gani?
– Mama Pacha

Dada, usimtishe mtoto. Enzaimu hizo hata misuli hutoa, hasa AST. Mimi nilipimwa kesho yake baada ya zamu mbili mfululizo za kubeba mizigo, zote juu. Wakapima CK, enzaimu ya misuli, nayo juu. Ini la watu halikuwa na kosa. Halafu tuache kuiita ALT kipimo cha "kazi ya ini". Inaonyesha seli zinavuja, basi. Kazi itazame kwenye albumini na INR, kipimo cha damu kuganda.
– Baba wa Ghalani

Mzee, albumini kaitaja mwenyewe, tusome kwanza. Hajataja GGT na ALP (enzaimu nyingine za ini na nyongo), sukari wala kiuno. Mafuta kwenye ini ni ya kawaida mno, na yakiwa machache ultrasaundi huyapita. Bado feritini (akiba ya chuma), ANA na SMA (kingamwili zinazoonyesha kama mwili unajishambulia), na seruloplasmini (protini inayobeba shaba) kwa kuwa naona ni kijana.
– Nesi

Nina miaka 31, kiuno cha nyuki. Dawa sinywi. Ila mama alinitumia unga wa majani, wa kusafisha damu. Huo nao unahesabiwa?
– Mgeni

UNAHESABIWA! Acha leo, na kopo lenyewe mpelekee daktari. Mitishamba nayo inaweza kuumiza ini, sawa na vidonge.
– Nesi

Msimlaumu mama wa watu. Wangu sijamwona mwaka wa saba huu. Ukimwambia unaumwa, akutumie nini kama si alichonacho?
– Mama Pacha

Na sisi tunameza ili asinung'unike. Mimi nilimaliza chupa tatu, sijui hata za nini.
– Baba wa Ghalani

Asanteni, kopo liko mkobani. Na kile kisanduku?
– Mgeni

Kisanduku gani tena?
– Mama Pacha