Kitabu cha oda, taarifa ya tili au mashine ya kaunta: kipi kinakuonyesha mteja wako?

MamaWaZiwa (Kisumu)
Hamjambo wote. Nina hoteli ya meza 9 upande wa Dunga, mwaka wa sita sasa. Tunapika samaki wa ziwa (ngege, mbuta na omena), kuku wa kienyeji na mboga zetu. Nataka kuwajua wateja wangu hasa: nani anakula nini, saa ngapi, na nini kinamrudisha. Kwa sasa weita anaandika oda kwenye kitabu cha nakala mbili. Karatasi ya juu inaenda jikoni kutungikwa msumarini, ya chini inabaki kwa keshia. Jioni nazitupa zote. Fundi mmoja ananishauri ninunue mashine ya kaunta yenye programu. Mpwa wangu anasema taarifa ya tili ya M-Pesa inatosha kwa sababu wengi wanalipa kwa simu. Ninyi mnatumia nini, na kimewafunulia nini ambacho hamkukijua?

JikoLaNakuru
Mama, kuanzia leo usizitupe hizo karatasi. Mimi nilianza na tili na ilinipoteza. Tili inakwambia pesa, haikwambii chakula. Mtu amelipa 2,400 saa nane mchana: ni watu wanne waliokula kuku, au ni mmoja aliyewalipia wenzake wa ofisini? Halafu wanaolipa taslimu hawamo kabisa, na kwangu hao ndio madereva na wauza mitumba wanaopitia chai na chapati alfajiri. Ningeifuata tili, ningesema asubuhi hakuna biashara na kufungua saa nne. Sifa yake ni moja tu: muda wa malipo haukosei.

MhasibuMilimani (Kisumu)
Mimi natetea mashine. KRA, mamlaka ya kodi, inataka risiti za eTIMS, mfumo wake wa risiti za kielektroniki, kwa hiyo ukichukua mashine iliyounganishwa nayo unafanya kazi mbili kwa mpigo. Lakini keshia mwenye haraka hubonyeza "chakula", anaandika bei, anaendelea. Niliwahi kufungua hesabu za hoteli moja nikakuta mwezi mzima ni chakula, chakula, soda, chakula. Mashine ya pesa nyingi, habari hakuna. Kila sahani iwe na kitufe chake: ngege wa kukaanga peke yake, ngege wa mchuzi peke yake, ugali wa kuongeza peke yake. Huo ugali wa kuongeza wengi hawauandiki, na unga unaisha bila mtu kujua umeenda wapi.

Ukishapata orodha safi, tumia njia ambayo Michael Kasavana na Donald Smith wa Chuo Kikuu cha Michigan State waliieleza mwaka 1982. Kila sahani unaiuliza maswali mawili: inaagizwa mara ngapi, na inaacha shilingi ngapi baada ya kulipia vitu vyake? Inayoagizwa sana na kuacha faida, ilinde. Inayoagizwa sana bila faida, tazama kipimo na bei. Yenye faida ila haiagizwi, weita aitaje mezani. Isiyo na hili wala lile, itoe.

Wa_Ufukweni (Homa Bay)
Ndugu mhasibu, njia ni nzuri, ila kwa samaki wa ziwa faida haikai mahali pamoja. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, bei inapanda. Halafu kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wake hufungwa upande wetu. Mtu akichukua bei ya Februari akaitumia Juni, atasema omena ina faida wakati inamla. Andika bei ya kununulia kila siku kando ya oda.

MzeeWaKaunta (Kakamega)
Binti yangu, nimesimama kaunta za hoteli miaka mingi, na kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja hapa amelitaja.

Kitabu, tili na mashine vyote vinaandika kilichouzwa. Havimwandiki mtu aliyeuliza akaambiwa "hakuna". Sema unanunua ngege 24 kila asubuhi na wote wanaisha. Mwisho wa mwezi mashine itakuonyesha 24, 24, 24, nawe utasema wateja wangu wanataka ngege 24. Hapana! Hiyo ni idadi ya samaki uliowanunua wewe. Wateja waliowataka huenda ni 30, huenda ni 45, hujui, kwa sababu walipokuja saa nane weita alitikisa kichwa nao wakaenda zao. Ubaya ni kwamba wanaopotea hivyo ndio waliokuja kwa ajili ya chakula unachokipika vizuri kuliko chote.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Samaki wa mwisho akitoka, mpishi aandike saa kwenye karatasi yake. Baada ya hapo, kila anayeuliza, weita avute kijistari nyuma ya kitabu na kuandika alichochukua badala yake, au "ametoka". Kalamu inatosha.

Mashine nunua baadaye, weita wakishazoea kuandika. Ukiwapa mashine kabla hawajaona faida ya kuandika, watabonyeza "chakula" kama alivyosema mhasibu.

JikoLaNakuru
Mzee amesema kweli tupu, na imeniuma, kwa sababu mwaka mzima nimeamini kuku wangu ni wa watu 15 kwa siku.

Niongeze moja: chunga unapolinganisha mwezi na mwezi. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya magari ya dunia mwaka 2021, huku Naivasha ilifanyika Juni. Mwaka 2024 ikahamia mwisho wa Machi, wikendi ya Pasaka. Nilipoweka Juni 2023 na Juni 2024 pamoja nilidhani nimefukuza wateja, karibu nimbadilishe mpishi. Wageni walikuwa wamekuja Machi tu. Siku kama hizo zitie alama pembeni.

Dada_wa_Kibuye (Kisumu)
Na hizo namba za simu za waliolipa, mama, usianze kuwatumia matangazo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu akubali kwanza taarifa zake zitumike kibiashara. Mimi naweka daftari kaunta, anayetaka kuambiwa siku ya kuku anaandika namba yake mwenyewe. Ni wachache, lakini hao wanakuja.

MamaWaZiwa (Kisumu)
Nawashukuru wote, hasa wewe mzee wetu. Leo sikutupa karatasi hata moja. Ngege wa mwisho alitoka saa saba na dakika 20. Mpishi aliandika kwa mkono wenye mafuta lakini inasomeka. Baada ya hapo kuna vijistari 11. Wanne walichukua mbuta, wawili omena, watano walitoka. Kati ya hao watano weita anasema watatu ni wale wa benki wanaokuja kila Alhamisi. Nilikuwa nikidhani wameacha kuja. Kesho nanunua ngege 30, kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye kitabu, na Alhamisi ijayo nitasimama mlangoni mwenyewe.