Mjadala: Chakula cha barabarani kiingizwe ndani kama Singapore, au kibaki kando ya njia kama Bangkok?

Msafiri wa Tanga (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Humu tuko wengi tunaokwenda Bangkok kufuata nguo Pratunam, na wapo waliopitiliza hadi Singapore. Kuzunguka sokoni na kuonja usichokijua ndiyo raha ya safari, hilo silijadili. Ninachotaka tubishanie ni hiki: miji hii miwili imewatendea wachuuzi wa chakula tofauti kabisa, na miji yetu inasuasua katikati. Tumfuate nani?

Miaka ya 1960 mapishi ya Singapore yalikuwa vichochoroni na ukingoni mwa mto. Bomba hakuna, makombo na maji machafu yote mtoni. Serikali ikaandikisha wachuuzi 1968 na 1969, ikajenga masoko ya chakula yenye maji, mifereji na mahali pa taka, na kufikia 1986 wa barabarani walikuwa wameshahamishiwa ndani. Leo masoko hayo yamepita 110. Mwaka 2016 kibanda kimoja cha kuku wa sosi ya soya, sahani kama dola 2 za kwao, kilipata nyota ya Michelin (kitabu kinachopima migahawa bora duniani), na 2020 UNESCO ikautia utamaduni wote huo kwenye orodha yake ya urithi.

Bangkok nayo 2017 ilitangaza kuwaondoa wachuuzi kwenye njia za miguu za wilaya zake zote 50. Kelele zikapigwa hadi nje ya nchi, jiji likajitetea kwamba wachuuzi wa mitaa ya Yaowarat na Khao San watabaki kwa masharti. Mwaka huohuo haujaisha, Jay Fai, bibi anayepikia mkaa huku amevaa miwani mikubwa ya kukinga mafuta, akapata nyota yake, na sifa kubwa ni kimanda chake cha kaa.

Mimi niko upande wa Bangkok. Mtazameni mama wa saladi ya papai bichi: kinu kirefu cha udongo, mchi wa mbao, kitunguu saumu na pilipili vinatangulia, kisha uduvi, karanga, ndimu na mchuzi wa samaki, papai linaingia mwisho. Kabla hajaanza kutwanga anakuuliza kwa vidole: pilipili moja, mbili, tatu? Ukikunja uso anapunguza. Anakuonjesha kwa kijiko, ukitikisa kichwa anakamua ndimu nyingine. Lugha hamjuani na mmeelewana. Biashara ile inamtegemea mpita njia. Mpandishe huyo mama ghorofa ya pili, mpita njia atapita tu.

Bin Shangani

Ndugu yangu, hiyo ni raha ya mgeni anayekaa wiki na kuondoka. Mwenye nyumba juu ya moshi ule na mfereji ule ulimuuliza?

Mimi Singapore nilikula kwa moyo mkunjufu kwa sababu banda la halali lina cheti ukutani, na hata sinia zake zina rafu yake, hazichanganywi na zilizobeba nguruwe. Bangkok karai moja linapitisha kila kitu, na kama hukuangukia kwa Waislamu wa huko huna wa kumuuliza. Halafu msituambie kwamba kupangwa kunaua ladha. Bustani ya Forodhani kwetu Unguja ilifungwa, ikatengenezwa kwa fedha za Aga Khan, ikafunguliwa tena 2009, na watu wanakula mishkaki na pweza mpaka usiku.

Na hayo ya kuonja "usichokijua" mnatuchekesha watu wa Unguja. Shokishoki na doriani tunakula tangu utoto. Tofauti ni kwamba Singapore doriani haruhusiwi kupanda treni, tangazo limebandikwa kabisa.

Muhaya wa Muleba

Na wale panzi wa kukaanga wanaopigwa picha Khao San, huku kwetu msimu wa senene, panzi wetu wa kula, tunagombania taa usiku. Endeleeni.

Mdau wa Kisauni

Wote mwazungumzia jengo, hakuna aliyetaja kodi. Wale wachuuzi wa kwanza wa Singapore walipewa vibanda kwa kodi nafuu ya serikali, ndiyo maana sahani ikabaki rahisi. Anayeingia sasa hushindania kibanda kwa zabuni, na watoto wa wenye vibanda wengi wao hawautaki moto ule. Wapishi wengi wako karibu na miaka 60. Mkijenga jengo bila ruzuku, mama wa mihogo na viazi karai hataingia. Ataingia muuza chipsi mwenye mtaji, na huyo hakuwa barabarani kamwe.

Kwa hiyo mimi sipo Bangkok wala Singapore. Nataka kwanza mtu aniambie kodi itakuwa ngapi.

Msafiri wa Tanga

Mdau umenena, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Oktoba 2021 machinga wa Dar waliondolewa barabarani, wengi wakaelekezwa pasipo na watu wa kununua. Tuliiga nusu ya Singapore, ile ya kuhamisha. Hii nyingine ya maji, mfereji na kodi nafuu hatukuigusa.

Bin Shangani, ugonjwa haujali kama mpishi ana paa. Chakula kinachotoka motoni kinaunguza ulimi kwa kawaida ni salama popote. Hatari iko kwenye maji ya kuoshea sahani, barafu na kachumbari. Basi badala ya kumpeleka mpishi kwenye bomba, lipelekeni bomba kwa mpishi. Mabomba machache na mfereji uliofunikwa kwa kila mtaa wenye wapishi, pamoja na mkaguzi anayepita kweli, vina gharama ndogo kuliko ghorofa litakalokaa na popo. Na kama cheti cha halali kinakusumbua, kinaweza kuning'inizwa kwenye mkokoteni pia.

Bin Shangani

Mkaguzi "anayepita kweli". Mkuu, huyo naye utamwagiza Singapore?

Mama lishe, Ilala

Nawasoma tangu asubuhi, sasa ngoja na mimi niseme. Sijawahi kupanda ndege, lakini kila mnachobishania ndicho kazi yangu.

Maji nanunua kwa madumu, mkokoteni unaleta. Kwa kuwa nalipia kila dumu, naosha kwenye beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, na ikifika saa saba mchana ile ya kusuuza imeshakuwa kama supu. Nalijua hilo kabla ya bwana afya. Nikibadilisha maji kila baada ya sahani kumi, faida ya wali maharage imekwisha. Kipindupindu kikiingia mjini tunafukuzwa, kikiisha tunarudi, na beseni ni zilezile.

Jengo siliogopi na barabara siipendi, jua lake nalijua mimi. Lakini ile 20,000 ya kitambulisho cha mjasiriamali mwaka 2018 niliitoa, nikavaa kitambulisho shingoni, na maji nikaendelea kununua kwa mkokoteni. Wakitaka tulipe tena tutalipa. Safari hii risiti ije na namba ya mita ya maji.