Tupeane uzoefu: kutengeneza picha za AI ndani ya Discord, ulianzaje?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kirumba, nachapa kadi na mabango. Nimeanza kutumia Midjourney, programu ya AI (akili bandia) inayochora picha kutokana na maelezo unayoiandikia, kupitia Discord, programu ya kuchati, na naona wengi hapa Mwanza wanaitamani ila hawajui pa kuanzia. Nafungua mimi, nanyi mshushe ya kwenu.

Niliingia kwenye chumba cha wageni nikaandika sentensi yangu kama ninavyomtumia mtu meseji. Kimya. Kumbe unaanza na /imagine, kinatokea kisanduku cha prompti, maelezo yako unayaandika humo. Nikarudia, nikaenda kuhudumia mteja. Kurudi, picha zangu zimezama chini ya za watu wa dunia nzima. Siku hizi naiandikia inboksi boti ya Midjourney, yaani ile programu inayojibu yenyewe ndani ya Discord. Lakini hata huko, kwa kifurushi cha kawaida picha zinaonekana na wengine kwenye tovuti yao, kwa hiyo kazi ya siri ya mteja siipeleki.

Mchora mabango, Igoma
Mimi nilitaka bango la mama anayeuza dagaa Mwaloni. Nikaandika kwa Kiingereza "wavuvi ziwani usiku", basi. Nikapata mzee mmoja na ndoano yake, nyuma milima ya theluji! Kosa lilikuwa langu, ningeambiwa hivyo na mtu asiyelijua ziwa letu ningechora hivyohivyo. Nikakaa nikaeleza ninachokiona: mtumbwi mrefu wa mbao, wanaume wanne, wavu wa matundu madogo, taa zinaelea kwenye maji meusi, samaki wadogo wa rangi ya fedha. Zikaja picha nne. Nikabonyeza V3 niletewe nyingine zinazofanana na ya tatu, kisha U1 kuitoa ya kwanza kati ya hizo mpya peke yake. Nikampelekea mama. Akaanza na karabai: "Mwanangu, taa zimekaa juu mno. Dagaa wanafuata mwanga ulio karibu na maji." Nikarudia tena, na hiyo ndiyo imetundikwa.

Mgeni, Sengerema
Ni bure?

Mchora mabango, Igoma
Hapana mkuu. Majaribio ya bure yalisimamishwa Machi 2023. Kifurushi cha chini ni dola 10 kwa mwezi, na kinajilipia upya chenyewe usipokisitisha.

Mwalimu, Nyegezi
Naomba niseme jambo linaloniuma. Kuna tangazo la utalii nimeliona, Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, limechorwa na AI, limesimama kama mnara na maporomoko ya maji pembeni. Mgeni atakuja kulitafuta hilo. Dagaa wa bangoni sawa, kila mtu anajua ni mchoro. Ila jiwe lipo pale pale karibu na kivuko cha Kamanga, halihitaji kubuniwa.

Mwanzisha mada, Kirumba
Mwalimu, nimekuelewa. Nina oda ya kadi za wageni zenye jiwe hilo na nilikuwa nimeshaandika prompti. Naifuta, kesho alfajiri nipo Kamanga na simu kabla jua halijawa kali. Wa Ukerewe na Musoma, mpo?