Tupeane uzoefu: shelfu lako la vitabu linabeba kilo ngapi?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Wiki mbili zilizopita, saa nane usiku, tuliamshwa na kishindo sebuleni. Nilidhani ni wezi. Kumbe ni shelfu la vitabu: ubao wa pili kutoka juu umekatika, ukauangukia wa tatu, nao ukaushusha wa nne. Vitabu vya marehemu baba, alivyovikusanya tangu anaanza ualimu, vimechanika migongo, na kamusi yake imeachana vipande viwili. Imeniuma sana.

Shelfu lenyewe nililinunua dukani, chipubodi ya milimita 16, upana sentimita 120, bila nguzo katikati. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naona mbao zimebonyea, nikajiambia ndivyo zilivyo. Asubuhi yake nilivipima vile vitabu kwa mizani ya kupimia watu: nikapanda na boksi, kisha nikatoa uzito wangu. Ubao mmoja ulikuwa umebeba kilo 34, yaani theluthi mbili ya mfuko wa saruji, mchana na usiku, mwaka mzima.

Aliyepitia haya aseme lilimkutaje na alifanyaje. Nataka kutengeneza jingine na sitaki kurudia kosa.

Fundi, Keko

Pole sana mkuu. Wateja wengi wakija hapa huniambia "nitengenezee shelfu zuri", wachache mno wanasema litabeba nini. Vitabu vya kawaida vikijaa mita moja ya ubao ni kilo 20 hadi 30. Vile vikubwa vya sheria, au vya picha vyenye karatasi ya kung'aa, vinakaribia 40.

Kilichokuponza zaidi ni upana. Ubao uliojaa vitabu ukiurefusha kutoka sentimita 60 hadi 90, usidhani utabonyea mara moja na nusu. Unabonyea mara tano. Ukitoka 60 kwenda 120 kama wako, ni mara 16. Unene nao unalipa vizuri: kutoka milimita 18 kwenda 25, ugumu unapanda zaidi ya mara mbili na nusu. Mimi chipubodi au MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi) ya 18 sivuki sentimita 60 kwa vitabu. Paini iliyokauka vizuri ya 25 nafika 80, mninga nafika 90.

Na chipubodi ina tabia moja: haibonyei siku ya kwanza ikaishia hapo. Mzigo ukikaa palepale inaendelea taratibu mwezi hadi mwezi, hasa ikinywa unyevu. Ukiona imeanza, usisubiri. Punguza vitabu, geuza ubao juu chini, halafu tia gundi na skrubu kipande cha mbao cha sentimita 4 kikisimama wima chini ya ukingo wa mbele, kutoka mwisho hadi mwisho. Nimeokoa mashelfu mengi kwa njia hiyo.

Mama wa wawili, Mwanza

Langu halikukatika, lilipinduka. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa anataka kitabu cha wanyama kilichokuwa juu, akapanda mbao kama ngazi. Nilikuwa jikoni. Mungu alisaidia, shelfu likaegemea mkono wa kochi na mtoto akabaki kwenye upenyo. Hakuumia, ila mimi nilitetemeka mpaka jioni.

Lile shelfu lilikuwa imara kabisa, mbao nene, halijabonyea hata kidogo. Ndiyo maana naandika. Watu mnaongelea kilo tu, na kilo hizohizo zikimwegemea mtoto hazijali ubao ni mninga au nini. Siku hiyohiyo fundi alilifunga ukutani kwa engo mbili juu, vile vyuma vyenye umbo la L, na vitabu vizito vyote nikavishusha chini. Vya watoto viko wanapofika bila kupanda.

Mpangaji, Nairobi

Mimi nilitundika mbao ukutani kwa engo. Zilikaa mwezi mmoja, kisha engo moja ikang'oka na kipande cha lipu kama sahani. Skrubu zangu zilikuwa fupi, ziliishia kwenye lipu, hazikuingia kwenye jiwe. Sasa nina shelfu la kusimama sakafuni, kwa sababu mwenye nyumba hataki kuona tundu lingine.

Fundi, Keko

Ndugu wa Nairobi, hilo naliona kila wiki. Fisha, ile plastiki ya tunduni inayoshika skrubu, yote inatakiwa ipite lipu iingie ndani ya tofali. Na kadiri ubao unavyotokeza mbele, ndivyo skrubu ya juu inavyovutwa zaidi, kwa hiyo mguu wa engo unaoshika ukuta usiwe mfupi kuliko unaobeba ubao.

Mwenyeji wa Mji Mkongwe, Zanzibar

Assalaam aleikum. Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, ghorofa zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti hazipatikani ndefu, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba. Babu alikuwa na vitabu vingi, na vyote aliviweka kwenye zidaka, ndani ya unene wa ukuta wenyewe. Sakafu haikujua kama vipo.

Mie nikaleta makabati mawili ya mvule, nikayapanga kati ya chumba, mgongo kwa mgongo. Baada ya masika, dari ya chini ikaanza kudondosha chokaa. Fundi wa nyumba za kale alipopanda akaniuliza, "Umeweka nini katikati?" Tulipohesabu, pale palikuwa na kilo zaidi ya 400. Tukayatenganisha, tukayasukuma kwenye kuta zile zinazoshika ncha za boriti, moja kila upande. Boriti mbili zilizoliwa na mchwa zimebadilishwa. Chokaa haijadondoka tena.

Mwanzisha mada

Ahsanteni sana wote. Mama wa Mwanza, sikuwa nimewaza kabisa habari ya kupinduka, na mjukuu wa baba ana miaka minne. Nimeagiza paini ya 25, upana 70, mgongo wa plaiwudi, engo mbili juu. Kamusi iko kwa mshona vitabu. Likikamilika nitavuta uzi kila ubao kutoka ncha hadi ncha, nipime mwanya wa katikati, kisha nipime tena baada ya miezi sita na kuleta vipimo hapa.