Mwenye mashua katushusha topeni saa ya magharibi, na mama mzee, na nauli keshaichukua

Asalaam aleikum jamaa. Nina hasira tangu juzi, wacha niseme.

Juzi ilikuwa bamvua, siku za maji makuu. Kila mtu wa huku ajua siku hizo maji hujaa saa kumi jioni, kisha hutoka mbio. Na mkono wa bahari wa kuingilia Siyu, huko kisiwani Pate, maji yakipwa ni tope na mikoko tu. Tulipanda Lamu saa saba mchana. Nahodha akakaa gatini kungoja abiria zaidi mpaka saa kumi kasoro. Nikamwambia, "Baba, maji yatatutoka." Akanijibu nitulie.

Jua likizama mashua ikakwama. Nahodha asema, "Shukeni, hapo ni karibu."

Karibu! Tope la mikoko wewe! Juu ni vuguvugu, laini, mguu waingia bila kelele. Chini ni baridi, na huko ndiko linakokushika. Ukivuta, lafyonza kisigino, lakataa, kisha laachia ghafla kwa mlio kama kizibo, na uvundo wa yai viza ukupande puani, maana majani huozea humo pasipo hewa. Hatua ya pili, magotini. Mizizi ya mchu, aina ya mkoko, imesimama kama misumari na huioni, maganda ya chaza na ya tondo, konokono wa mikokoni, yakuchana nyayo. Kukimbia huwezi. Ukisimama wadidimia.

Mama yangu ana miaka 71 na magoti mabovu. Tulimshika makwapa, mimi na kijana mmoja abiria, Mungu amlipe kheri. Buibui lilijaa tope likawa zito kama mtu wa pili. Kila mguu wake uliponasuka nilisikia pumzi yake ikikatika. Giza limeingia, yeye asoma dua, nami nahesabu hatua. Ndala yake moja imebaki humo humo, na nyayo bado zimevimba.

Kinachoniuma zaidi: tulipita Mtangawanda, bandari ya hapo hapo Pate! Gati lipo, bodaboda zipo. Alijua amechelewa, kwa nini asitushushe pale? Na kuchelewa kwenyewe ni kwa sababu waliobaki Lamu walikuwa na nauli mfukoni, akawangoja, sisi tukalipia kwa miguu yetu.

Nimempigia mara 4, hapokei. Nataka nauli ya mama irudi. Na nyinyi mliowahi kufanyiwa haya, mlikwenda kushtaki wapi?